Kaya ya Kuazima

Karani wa sensa alibisha hodi nyumba namba 212 mara tatu, siku tatu tofauti, na mara zote alikuta mlango umefungwa. Majirani walimwambia watu wapo, sauti zao zinasikika, ingawa hawajawahi kuwaona. Akaandika pembeni mwa fomu, "Watu wapo, hawafungui," kisha akaendelea na nyumba ya 213 kama alivyofundishwa.

Jambo hilo ni la kawaida. Katika kila nyumba mia, mbili au tatu hazijibu, na ofisi yetu ina utaratibu wa kuziba mapengo hayo. Kompyuta huchagua kwa nasibu kaya nyingine ya mtaa huohuo, hunakili majibu yake yote na kuyaweka mahali pa ile iliyofungwa. Sisi tunauita utaratibu huo kuazima kaya. Kwa hesabu ya nchi nzima hauna madhara, mradi anayechagua ni nasibu na si mtu. Sharti hilo niliandika mimi mwenyewe. Liko ukurasa wa kumi na nne wa mwongozo.

Nimekuwa mtakwimu kwa miaka ishirini na miwili. Kwa miaka sita iliyopita nimekuwa pia chifu, tangu baba alipofariki na wazee wa ukoo wakakataa sababu zangu zote za kukataa. Jumatatu hadi Ijumaa nakaa ghorofa ya tatu ya ofisi ya takwimu, ambako wenzangu wananiita Mfalme wa Desimali. Jumamosi nakaa kwenye kiti cha baba katika ukumbi wa baraza, nasikiliza kesi za mipaka ya mashamba, ndoa zilizoingia mchanga na mbuzi waliokula visivyo vyao. Kazi hizi mbili zilikuwa hazijawahi kugombana.

Takwimu za eneo langu zilipofika mezani nilipaswa kumpa mtu mwingine azihakiki. Sikumpa. Nilitaka eneo la chifu liwe la kwanza kufungwa bila pengo hata moja, na pengo lilikuwa moja tu, nyumba ya 212. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, faili linafungwa saa kumi, na programu ya nasibu ilikuwa imekwama. Nikachagua kwa mkono. Nilichagua nyumba ya 208 kwa sababu ni ya dada yangu, na majibu yake niliyajua bila kuyafungua: mjane wa miaka hamsini na miwili, fundi cherehani, binti yake wa miaka kumi na tisa, na mtoto wa huyo binti, wa kiume, miaka miwili, ambaye sote tunamwita Bonge.

Programu ya uhakiki ilikataa. "Kaya mbili zinafanana kwa kila jibu. Futa moja au sahihisha."

Nikamwondoa mtoto katika nakala. Programu ikakataa tena, na kwa haki. Binti wa nakala ameandikwa amezaa mtoto mmoja, mtoto hayupo katika kaya, hayupo kwingine, yuko wapi? Nikajaza sehemu ya vifo: mmoja, wa kiume, miaka miwili. Programu ikakubali. Kazi yote ilichukua dakika tano, na baada ya hapo nilikwenda kunywa chai.

Wiki nne baadaye, Jumamosi, mwanamke alikuja barazani akiwa wa tatu kwenye foleni. Alikuwa na msichana nyuma yake. Wote wawili walivaa vizuri, nguo safi, lakini nilipojaribu baadaye kukumbuka rangi ya nguo hizo sikuweza. Katibu wa baraza, mzee anayejivunia kumfahamu kila mtu, aliniinamia sikioni.

"Chifu, huyu mama simjui. Na mimi hapa najua hadi kuku wa watu kwa majina."

"Umetoka wapi, mama?" nilimuuliza.

"Nyumba ya 212. Tumekuja kuomba kibali cha kuzika."

"Poleni sana. Marehemu ni nani?"

"Mjukuu wangu. Wa kiume, miaka miwili."

Katibu alikwishachukua kalamu. "Jina la mtoto?"

Mwanamke alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Hilo hatukuulizwa."

Watu wawili watatu walicheka, wakidhani ni majonzi yamemchanganya. Mimi sikucheka. Nilimuuliza umri wake, akajibu hamsini na miwili. Elimu? Darasa la saba. Kazi? Kushona. Alijibu haraka, kwa mpangilio uleule wa fomu. Nikamuuliza anashona nini, magauni au mashati. Alinitazama tu. Nikamuuliza mumewe alikufa kwa ugonjwa gani. Alinitazama vilevile, bila huzuni wala aibu, akisubiri swali analoweza kulijibu.

"Kaburi tumeshachimba," alisema. "Tunazika Jumanne saa nne asubuhi. Lakini mtoto hatujampata. Tumemtafuta nyumba nzima. Wewe ndiye uliyeandika kwamba amekufa, chifu, kwa hiyo tumekuja kwako. Yuko wapi?"

"Mama," Katibu aliingilia, "maiti haipotei kama funguo."

"Ndivyo nami ninavyosema," mwanamke alijibu. "Lazima iwepo mahali."

Niliwaambia kesi imeahirishwa. Waliinama kwa heshima kama watu wanaomjua chifu wao, wakatoka.

Sipendi kufikia hitimisho kwa tukio moja. Niliwaza kwamba karani wangu wa ofisini ameona faili na kuna mtu ananifanyia mzaha. Nilikwenda moja kwa moja kwa dada. Alikuwa kwenye cherehani, sindano mdomoni, na binti yake alikuwa anapakua chakula cha mchana. Sahani zilikuwa tatu: ya dada, ya mpwa wangu, na ya tatu akanisogezea mimi. Bonge alikuwa amekaa mkekani katikati yetu, anatazama mikono yetu ikienda na kurudi.

"Na Bonge?" nikauliza.

"Nani?" alisema dada.

Ilichukua muda kabla hajashtuka. Niliuhesabu muda huo baadaye kichwani. Haukupungua sekunde nne.

"Jamani! Hebu mpakulie mtoto," alimwambia binti yake, kisha akanicheka mimi ili asijicheke mwenyewe. "Uzee huu, mdogo wangu. Ukifika umri wangu na wewe utasahau hata suruali."

"Hata jana tulimsahau," alisema mpwa wangu polepole. "Nilifika kliniki, nesi akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikasimama pale, Mjomba, mtoto yuko mgongoni, na sijui nimefuata nini. Alipompima ilikuwa kilo kumi na moja na nusu. Kadi yake haikuonekana."

Ng'ambo ya barabara kuna duka la nafaka lenye mizani ya magunia. Nilimbeba Bonge nikampeleka. Kilo nane na robo. Mwenye duka aliapa kwamba mizani yake ilikaguliwa mwezi uliopita. Nikapima gunia lililoandikwa kilo ishirini na tano: ishirini na tano kamili. Nikampima mtoto tena: nane na robo ileile.

Jumapili asubuhi alikuwa kilo sita. Jumatatu alfajiri, kabla sijapanda basi kwenda mjini, kilo tatu na nusu. Hakuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yaleyale, mikunjo ya mapaja ileile. Nilipima mzunguko wa mkono wake kwa futi ya dada, na sentimita hazikupungua hata moja. Kilichopungua ni uzito peke yake. Mwenye duka alinipokea vizuri siku zote hizo, lakini siku ya tatu aliniuliza kwa nini napima mizani tupu.

Kufikia hapo nilikuwa na vipimo vinne vyenye mwelekeo mmoja. Nikichora mstari, unafika sifuri Jumanne, katikati ya asubuhi.

Mkuu wa kitengo chetu ni mwanamke asiyepandisha sauti. Nilimweleza sehemu ya kosa inayoweza kuelezeka: kwamba nilichagua kaya kwa mkono, kwamba niliandika kifo ambacho hakikutokea. Alivua miwani.

"Wewe? Wewe mwenye ukurasa wa kumi na nne?"

"Mimi."

"Ungekuwa kijana wa juzi ningekuelewa. Mfalme mzima unadanganya desimali." Alisugua macho. "Jumla imeshatangazwa. Siwezi kufuta kaya kwa sababu dhamiri inakuwasha."

"Sitaki ifutwe. Nataka irekebishwe."

"Njia ni moja na unaijua. Jibu la kweli linaondoa jibu la kuazima. Nenda kawahoji wenyewe, mkuu wa kaya asaini, utume. Dirisha la masahihisho linafungwa kesho saa nne asubuhi. Na safari hii uliza, usijaze."

Alinipa kishikwambi cha kazi, kile makarani wanachoingizia majibu na kuyatuma papo hapo. Nilirudi kwa basi la jioni.

Jumanne saa tatu na dakika ishirini nilibisha hodi 212, na mlango ukafunguliwa kabla sijashusha mkono.

Chumba cha mbele kilikuwa na vitu vyote vilivyomo kwenye fomu. Sakafu ya saruji, safi mno, kila punje ya mchanga ikionekana. Paa la bati. Redio moja. Vitanda viwili vilionekana kupitia mlango wa ndani. Kuta zilikuwepo, lakini hazikuwa nyeupe wala kijivu wala rangi nyingine yoyote. Fomu huuliza ukuta umejengwa kwa nini, haiulizi umepakwa nini. Hapakuwa na harufu. Kupitia mlango wa nyuma niliona uani rundo la udongo mbichi na shimo lisilozidi urefu wa mkono wangu mara mbili.

"Karibu, chifu," alisema mwanamke. "Umetuletea?"

"Nimekuja kuwauliza upya."

Tuliketi. Binti alikaa pembeni ya mama yake, na kifuani nguo yake ilikuwa na madoa mawili ya maziwa. Niliyaona na nikayaandika akilini kama kipimo kingine. Nilianza tangu swali la kwanza, na majibu yakaja yaleyale, hadi nilipofika kwa binti.

"Umewahi kuzaa?"

"Mmoja."

"Una hakika?"

"Chifu, unayaona maziwa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya mpwa wangu, bila mzaha ndani yake.

"Basi yuko hai au amefariki?"

Binti alimgeukia mama yake. Mwanamke alitazama shimo uani. "Wewe uliandika amefariki. Sisi hatujamwona akiwa hai, hatujamwona akiwa maiti."

"Nikiandika yu hai, utasaini?"

"Nitasaini. Anayeandikwa yu hai huja, kama tulivyokuja sisi. Maiti ndiyo haiji hivyo. Ili maiti ipatikane, lazima atolewe mtu aliyekuwepo." Alisema hivyo kwa upole, kama anayenieleza bei ya nguo. "Na aliyekuwepo ni yule wa 208. Tulikuwa tunasubiri tu afike."

Nikaandika: hai, anaishi katika kaya hii. Vifo: sifuri. Nikabonyeza. Kishikwambi kilitoa maandishi mekundu.

"Kaya 208 na 212 zinafanana kwa kila jibu. Zisiporekebishwa kabla ya kufungwa kwa dirisha, moja itafutwa kwa nasibu."

Saa tatu na dakika thelathini na nane. Uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba nasibu niliyoikwepa wiki nne nyuma itachagua sasa kati ya dada yangu pamoja na wote walio kwake, na hawa waliokaa mbele yangu mikono mapajani. Hata hawa sikuwa tayari wafutwe. Walikuja barazani wakaniinamia. Katibu aliwaandika kitabuni.

"Mama, nisaidie. Nikiandika redio mbili?"

"Redio ni moja. Ile pale, naiona."

"Au elimu. Darasa la nane?"

"Nimeishia la saba." Alitikisa kichwa. "Sisaini uongo, chifu. Uongo wako ndio uliotuchimbisha shimo. Mtoto sikumwona amekufa, ndiyo maana naweza kukubali yu hai. Redio naiona."

Nilipitia maswali yote hamsini na tisa. Kila jibu lilikuwa mbele ya macho yake, gumu kama meza. Kilichobaki ni ukurasa wa kwanza, orodha ya wanakaya. Mwanakaya, kwa tafsiri yetu, ni mtu anayelala katika nyumba hiyo, au anayekusudia kuishi humo kwa miezi sita au zaidi. Si lazima awe amelala hata mara moja. Lazima awe anakusudia kweli.

Nilikaa na neno hilo kwa dakika tatu. Sina mke, aliondoka kabla sijawa chifu, akisema nyumba yangu ina watu wengi wa kwenye karatasi. Sina mtoto. Nilijiuliza swali kama ninavyomuuliza mhojiwa, nikasubiri jibu, na lilipokuja nililiamini.

"Kuna mtu mwingine anayekusudia kuishi hapa?" nilimuuliza mwanamke.

Alielewa haraka kuliko nilivyotaka. "Vitanda ni viwili," alisema.

"Nitalala sakafuni."

"Basi yupo. Andika."

Mwanamume. Miaka arobaini na saba. Uhusiano na mkuu wa kaya: kaka. Elimu: chuo kikuu. Kazi kuu. Hapo nilisimama, kwa sababu fomu inaruhusu kazi moja tu. Katika orodha ya kazi, chifu hana namba yake, huwekwa mwishoni, kwenye "wengineo." Mtakwimu ana namba. Niliandika mtakwimu, kwa kuwa ndiyo iliyosababisha nikawa pale.

Maandishi mekundu yalirudi kwa mara ya mwisho. "Mtu huyu amehesabiwa pia katika Kaya ya 1, nyumba ya chifu. Mtu mmoja huhesabiwa mahali pamoja. Abaki wapi?"

Nikachagua 212. Mwanamke akaweka sahihi kwa kidole, mstari mmoja ulionyooka. Nikatuma saa tatu na dakika hamsini na saba. Kishikwambi kikasema, "Imepokelewa," na kikazima.

Hakuna kilichotikisika. Katika chumba cha ndani mtoto alikohoa, na binti akainuka mbio, mikono imeshika kifua. Nilisikia akilia, halafu nikasikia mtoto akinyonya. Mwanamke alichukua jembe, akatoka uani kufukia shimo.

Mchana huo nilikwenda hadi nyumba ya chifu kuchukua nguo. Katibu alikuwa kibarazani anasoma gazeti. Alinitazama kwa adabu, akaniuliza nimeleta kesi gani, na akaniambia kiti hakina mtu kwa miaka sita sasa, wazee wanakutana wiki hii kumteua mtu, wanamfikiria binamu wa marehemu chifu. "Marehemu hakuacha mtoto wa kiume," alinieleza. "Binti tu, yule fundi cherehani." Nilimshukuru. Nguo sikuzipata, maana chumba changu kilikuwa na magunia ya mahindi yenye vumbi la miaka. Ofisini sijapiga simu. Naweza kukadiria jibu.

Jumamosi, wakati ambao ningekuwa barazani, dada alikuja kubisha hodi 212. Nilifungua mimi. Alikuwa na Bonge kiunoni na uzi wa kushonea umemning'inia begani.

"Habari za hapa, jirani. Nimesema nije niwaone, maana siku hizi mtu anahamia mwaka mzima hamjaamkiana. Mimi ni wa pale 208, nashona. Mkiwa na suruali za kupunguza msipeleke mbali."

"Karibu," nilisema. "Mtoto mzuri. Ana kilo ngapi?"

"Wanaume wengine huuliza jina kwanza!" Alicheka. "Kumi na mbili kasoro kidogo, nesi amesema. Mama yake kadi alikuwa ameipoteza, kumbe iko chini ya cherehani. Anakula huyu, utadhani kuna mtu anashindana naye. Hebu nishikie, mgongo unaniua."

Akanipa. Mikono yangu ilishuka kwa uzito wake, na nilimpandisha kifuani nikamshika kwa mikono yote miwili. Alikuwa wa moto. Alinichunguza ndevu, pua, shati. Zamani angeniita Babu. Hakuniita kitu.

"Na wewe, jirani, umetokea wapi?" aliuliza dada.

Nilimwambia wilaya niliyozaliwa, ambayo ni hiihii, na mwaka. Nilitaka kuongeza jambo lolote la utotoni, lolote ambalo yeye na mimi tulikuwepo. Nilijua yalikuwepo. Nilitafuta kama mtu anayepapasa mfuko, na mfuko ulikuwa mtupu.

"Haya," alisema dada, akinyoosha mikono amchukue mjukuu wake. "Tutazoeana."

Bonge hakutaka kuondoka. Alikuwa ameshika kola yangu na kutazama nyuma yangu, chini, kwenye mlango wa chumba cha ndani, ambako nilisikia miguu midogo ikisimama sakafuni. Alitabasamu. Kisha akanyoosha kidole kuelekea huko na kusema, wazi kabisa, jina lake mwenyewe.